Uzi: Kuelekeza picha za chapa ambayo haipo. Nimeharibu vya kutosha, njooni tusaidiane

#1 Kivuli_Laini (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila wiki humu mtu anapandisha picha za sabuni, manukato au saa ya chapa aliyoibuni mwenyewe. Anaomba maoni, anaambiwa "kali sana mkuu", anawekewa vimoto vitatu, uzi unakufa. Na picha kweli ni kali, sibishi. Ila ukiniuliza chapa hiyo inamuuzia nani, sijui. Mwenye picha naye hajui, maana wengine nimewauliza faragha.

Kazi yangu ni ukurugenzi wa sanaa. Jina kubwa hilo, lakini siku nyingi maana yake ni kusimama nyuma ya mpiga picha na kusema "sogeza chupa kushoto, nusu kidole, hapana, irudishe." Kabla sijaajiriwa, potifolio yangu yote, yaani kazi ninazoonyesha waajiri, ilikuwa ya chapa za kubuni kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kunipa ya kweli. Nilikosea miaka miwili mizima. Nitaandika kwa vipande maana niko kwenye simu.

Nianze na aibu yangu. Nilibuni chapa ya manukato. Chupa nyeusi, nembo ya dhahabu, jina linalosikika kigeni. Nikapiga picha tisa. Moja chupa iko mchangani, moja iko majini, moja imezungukwa na maua makavu, moja ina moshi, nyingine hata sikumbuki. Nikaenda nazo kwenye usaili. Mama aliyenisaili akazitazama zote bila haraka, akarudi kwenye ya kwanza, akauliza: "Huyu anayejipulizia haya manukato anaamka saa ngapi?" Nikacheka, nikijua utani. Hakuwa anatania. Akauliza tena: "Kati ya hizi, ipi mteja aliikataa?" Nikamwambia mteja hayupo, chapa ni ya kubuni. Akafunika kompyuta polepole. "Ndiyo maana."

Kazi sikupata. Lakini lile swali la pili nililala nalo wiki nzima.

Sisi tukibuni chapa tunabuni jina, nembo na rangi. Tunasahau kumbuni mtu wa kukataa. Chapa ya kweli ina mwenye mali, na mwenye mali ana hofu zake, ana lebo elfu kadhaa zilizokwisha chapwa zimejaa ghalani, ana mshindani anayemnyima usingizi. Hayo ndiyo yanayoipa picha sura. Chapa yetu ya kubuni haina wa kusema hapana, basi kila wazo linapita: mchanga pita, maji pita, moshi karibu ukae.

Nikifika mezani naendelea.

#2 Mgeni_wa_Kamera

Nimeweka kiti mkuu. Shusha madini.

#3 Taa_Moja

"Anaamka saa ngapi" ndiyo nini sasa? Picha ya bidhaa ni mwanga na chupa safi. Hayo mengine ni mbwembwe za wasaili wanaotaka waonekane wana akili.

#4 Kivuli_Laini

Mkuu Taa_Moja, nilidhani hivyo hivyo. Lakini jina lako lenyewe linakujibu. Akiamka alfajiri, jua liko chini, vivuli ni virefu, mwanga una wekundu, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 au pungufu. Akiamka jua la utosini, mwanga uko kwenye 5500 hivi, kivuli kifupi na kina makali. Akiamka usiku, mwanga unatoka kwenye taa ya ndani au kwenye simu. Ukishajua saa yake, umeshajua taa inakaa wapi, ina urefu gani kutoka mezani, na unaifunika kwa nini. Yule mama alikuwa ananiuliza swali la mwanga kwa lugha ya watu.

#5 Taa_Moja

Sawa, hilo nimekupa. Endelea.

#6 Kivuli_Laini

Sehemu ya pili. Mfano wangu ni sabuni ya kuogea ya kipande niliyoibuni baada ya ile aibu, nikaiita Umande. Safari hii sikugusa kamera kwa siku kumi.

Kwanza nilimbuni mwenye kiwanda. Mwanamke wa miaka 58, aliwahi kuwa mfamasia, hapendi kelele, anaamini sabuni yenye harufu kali inaficha kitu. Kisha mnunuzi: mtu wa zamu ya usiku. Anarudi nyumbani saa moja asubuhi wakati majirani wanatoka, anaoga, analala. Asubuhi ya wengine kwake ni jioni.

Mnaona kilichotokea hapo? Mwanga ni wa asubuhi, lakini hisia ni ya kumaliza siku. Pazia limefungwa nusu. Huwezi kuweka maua, huwezi kuweka matunda yaliyokatwa, huwezi kuweka mwanamitindo anayecheka na povu begani. Sikukaa kuamua hayo moja moja. Yule mama mfamasia aliyakataa.

Halafu nikaandika karatasi ya makatazo. Sio kanuni za nembo, zile kila mtu anazo. Haya ni mambo ambayo chapa haitayafanya hata ukiilipa. Ya Umande yalikuwa hivi: haionyeshi uso wa mtu. Haitumii zaidi ya chanzo kimoja cha mwanga. Sabuni haionekani mpya. Kivuli hakiangukii kushoto hata siku moja. Hakuna kitu kwenye picha ambacho mtu aliyechoka asingekuwa nacho bafuni.

Picha zilitoka nne tu. Lakini hata ukizichanganya na za watu wengine hamsini, utazichomoa zote nne bila kuona nembo.

#7 Mchora_Lebo

Nakazia hapo kwenye makatazo, na nitoe mfano wa wakubwa. Tangazo la Volkswagen la 1959, lile la "Think Small", mkurugenzi wa sanaa Helmut Krone. Matangazo mengi ya magari Marekani enzi hizo yalikuwa michoro, gari limerefushwa kama mashua, familia inatabasamu, jumba nyuma. Krone akaweka gari dogo juu pembeni na ukurasa karibu wote mtupu. Ukilitazama vizuri, ni orodha ya vitu alivyovikataa.

Clinique nayo. Ilianza 1968, na Irving Penn aliipigia picha kwa miaka mingi: bidhaa yenyewe, mandhari nyeupe, kivuli chake, basi. Hakuna sura ya mrembo, wakati biashara nzima ya vipodozi inaishi kwa sura za warembo. Au vodka ya Absolut, chupa katikati na maneno mawili chini, wakalishikilia hilo zaidi ya miaka 20. Kuna watu wangeuliza "mbona tusibadilishe kidogo?" Walioulinda mtindo huo walikuwa na kazi ngumu kuliko aliyeuanzisha.

#8 Karatasi_Nyeusi

Tena tukumbushane kwamba chapa zote zilibuniwa na mtu. Kodak ni neno ambalo George Eastman alilitunga tu, likasajiliwa 1888, halina maana katika lugha yoyote. Häagen-Dazs, jina la aiskrimu, linasikika kama la Denmark lakini lilitungwa New York, na Kidenmaki hakina neno hilo. Kwa hiyo "haipo" sio kasoro. Kasoro ni pale inapoonekana haipo.

#9 MamaLenzi

Asante mleta mada, nimejifunza. Mdogo wangu, mimi shida yangu iko chini zaidi. Nimebuni chapa ya mafuta ya nywele, chupa ya kioo. Nikiipiga, chupa inaonyesha dirisha, inaonyesha kamera, inaonyesha mimi mwenyewe na nguo niliyovaa. Nimesogeza taa kila upande. Nikizima yote inakuwa nyeusi. Nifanyeje?

#10 Kivuli_Laini

Shikamoo mama. Hapa ndipo nilipoteza muda mwingi kuliko popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kioo hakipigwi picha. Kinachopigwa ni vile vilivyokizunguka. Ukielekeza taa kwenye chupa unapata doa jeupe na sura yako. Acha kuimulika chupa, mulika kile inachokitazama.

Njia ya kwanza, kingo nyeusi. Weka karatasi nyeupe au kitambaa nyuma ya chupa, mbali kiasi cha mkono, mulika hicho tu. Hakikisha eneo linalong'aa halizidi sana ukubwa wa picha yako. Halafu simamisha kadi mbili nyeusi, moja kila upande wa chupa, nje kidogo ya picha. Kioo kitazivuta kadi hizo pembeni, na chupa itapata mstari mweusi safi kila upande. Ni kama umeichora kwa kalamu.

Njia ya pili ni kinyume chake. Nyuma weka taa pana, mbele ya taa weka kadi nyeusi inayojaza picha lakini iache taa ichungulie pembeni. Sasa chupa iko gizani na kingo zake zinawaka. Hii inafaa chapa ya usiku, ya wakubwa, ya watu wanaonong'ona. Ya kwanza inafaa chapa inayotaka kuonekana haina siri. Uchaguzi huo sio wa ufundi, unatoka kwa yule mwenye kiwanda uliyembuni.

Njia zote mbili zinaacha lebo gizani, maana mwanga uko nyuma. Usiongeze taa mbele! Chukua kikadi cheupe au kipande cha kioo cha kujitazamia ukubwa wa kiganja, kiegeshe chini ya lenzi, kirudishe mwanga kidogo kwenye lebo. Nilifanya hivyo kwa kioo cha kinyozi nikakishikiza na kibanio cha nguo.

Na mafuta yenyewe ndani ya chupa, kama yana rangi, yatakuwa mazito kama wino. Kata kadi ya fedha au nyeupe kwa umbo la chupa, ndogo kuliko chupa, ifiche nyuma yake. Inashika mwanga na kuupitisha kwenye mafuta. Ukifanya sawasawa hakuna atakayejua ipo. Ukikosea kidogo utaona kona yake, na ukishaiona huwezi kuacha kuiona.

#11 MamaLenzi

Marahaba. Umenipa kazi ya siku tatu. Nitarudi.

#12 Mgeni_wa_Kamera

Na yale matone ya baridi kwenye chupa za vinywaji? Nikipulizia maji yanateremka yote ndani ya dakika.

#13 Taa_Moja

Hili niachieni. Maji na glisirini, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Tone linakaa palepale saa nzima. Kabla ya hapo puliza rangi kavu isiyong'aa kwenye chupa ipate ule ukungu wa baridi. Lebo ifunike kwa utepe kwanza, ukimaliza bandua. Tone kubwa moja unalotaka lianguke mahali fulani, liweke kwa sirinji. Barafu usitumie ya kweli, iko ya akriliki, haiyeyuki na haielei hovyo.

Ila tazama ulipopulizia. Chupa ya kweli haitokwi jasho sehemu ambayo haina kinywaji ndani. Naona picha nyingi shingo tupu imejaa matone.

#14 Kivuli_Laini

Umeona mkuu, hilo la shingo ndilo ninalozungumzia. Mtazamaji hajui kwa nini haamini, ila haamini.

Nami nina langu. Nilibuni losheni, nikachapa lebo, nikaandika mililita 500 kwa sababu namba ilipendeza karibu na jina. Chupa yenyewe inaingia mfuko wa shati. Picha ikapendwa humu, vimoto kibao, hadi mtu mmoja akaandika, "hiyo nusu lita imekaa wapi?" Niliifuta nikaenda kulala.

Kwa hiyo lebo ya chapa ya kubuni ipe kero za lebo ya kweli. Ujazo unaolingana na chombo. Viambato kwa herufi ndogo. Nafasi ya tarehe ya kuisha muda, na tarehe hiyo igongwe vibaya kidogo, imepinda, kama mashine zinavyofanya. Na lebo ichapwe, ibandikwe, ipigwe picha. Kuibandika kwenye kompyuta inawezekana, lakini karatasi halisi ina ukingo unaoshika mwanga, ina mahali inapokutana nyuma, inajikunja na chupa. Macho yanajua.

Na ile sabuni niliioga nayo siku nne kabla ya kupiga picha. Nilichukua kipande kisicho na maandishi, nikachonga jina kwa mkono, kisha nikakitumia. Siku ya nne makali ya kona yalikuwa yameisha, herufi ya E mwishoni imebaki nusu, na kulikuwa na kamstari kadogo ka povu lililokauka kwenye U. Hako kamstari nisingekabuni. Nikakiweka juu ya kigae cheupe chenye ufa, taa moja kushoto, imeshuka karibu usawa wa sabuni, nimeifunika jeli (plastiki nyembamba ya rangi) ya chungwa hafifu, mbele yake pazia jembamba linaloziba nusu. Upande wa pili kadi nyeusi ili kivuli kisipate msaada wowote. Tulipiga 63. Iliyofaa ilikuwa ya 11, kama kawaida.

#15 Mchora_Lebo

Sasa niseme langu la moyoni. Nyie wapiga picha hamniachii pa kuweka maneno! Mnaniletea chupa imejaza picha kutoka ukingo hadi ukingo, mnasema "andika kichwa cha tangazo." Niandike wapi, kwenye shingo? Tangazo sio picha peke yake. Chapa yako ya kubuni ikiwa na picha nzuri isiyokubali neno hata moja, hiyo ni picha ya ukutani.

Halafu mnapiga kwa upana mmoja tu. Bango limelala, ya simu imesimama 9:16, ya ukurasa ni 4:5. Nikikata ya bango niipate ya simu, nakata na bidhaa.

#16 Kivuli_Laini

Una haki ya kulia mkuu, nimetenda dhambi hiyo. Sasa hivi nachora mpangilio kwanza kwa mkono: hapa neno, hapa nembo, hapa bidhaa. Programu nyingi za kupigia picha wakati kamera imeunganishwa na kompyuta zina sehemu ya kuweka mchoro juu ya picha, kwa hiyo unapiga huku unaona maneno yatakaa wapi. Asiye nayo achore kwa kalamu kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha, aibandike kwenye kioo cha kompyuta. Nimefanya hivyo sana. Na ukiwa na neno mbele yako utashangaa mara ngapi bidhaa inabidi iwe ndogo kuliko ulivyotaka.

#17 Jicho_la_Tatu

Samahani kuwakatisha. Hivi haya yote ya kadi nyeusi na kuoga na sabuni siku nne, akili mnemba si unaiandikia sentensi mbili inakutolea picha arobaini? Au mnafundishana ufundi wa kushona kwa mkono wakati cherehani ipo?

#18 Kivuli_Laini

Inatoa, na nzuri. Mimi naitumia kwa michoro ya awali, kumwonyesha mpiga picha "kama hivi, ila sio hivi." Shida yangu nayo ni ileile ya manukato: haikatai. Unaiambia moshi inakuwekea moshi. Na ukiomba ya pili, chupa imebadilika mabega, ya tatu shingo imerefuka, lebo ina herufi za nchi isiyokuwepo. Kuzikagua arobaini na kubaki na moja ambayo mama mfamasia angeikubali ni kazi ya mkurugenzi wa sanaa vilevile. Kama huna karatasi ya makatazo utabaki na zote arobaini.

#19 Taa_Moja

Mimi bado sijaelewa kitu kimoja. Kwa nini uhangaike kubuni? Nunua bidhaa ya kampuni kubwa dukani, piga, andika "kazi ya mazoezi". Msaili anaijua chapa tayari, huna haja ya kumbuni bibi wa miaka 58.

#20 Karatasi_Nyeusi

Nilifanya hivyo. Nilipiga kinywaji cha kampuni moja inayojulikana, nikaweka na msemo nilioutunga, utani mkali kidogo. Watu wakaisambaza bila maelezo yangu, wengine wakajua ni tangazo rasmi, wakaanza kuikasirikia kampuni. Nikapokea barua pepe ya adabu sana ikiniomba niitoe. Niliitoa dakika hiyohiyo.

Lakini sababu kubwa sio hofu. Ukipiga chapa kubwa, maamuzi yote magumu yameshafanywa na wengine. Rangi, sauti, mnunuzi, hata upande wa kivuli. Unaonyesha kwamba unaweza kuiga. Kuna kazi zinazotaka hilo, sikatai. Mwenye biashara mpya asiye na chochote anatafuta mtu wa kuanza naye sifuri.

#21 Mgeni_wa_Kamera

Na je, kwenye potifolio niseme ni ya kubuni au ninyamaze? Rafiki yangu ameandika "Mteja:" kisha jina la chapa yake ya uongo.

#22 Karatasi_Nyeusi

Sema. Herufi zinazosomeka, sio chini kabisa kwa kijivu. Msaili akiitafuta chapa mtandaoni akaikosa, hatakumbuka taa yako, atakumbuka ulimdanganya. Mwambie rafiki yako afute hilo neno leo.

Na tukiwa kwenye uongo, ujue mpaka uko wapi kabla hujapata mteja wa kweli. Marekani kuna kesi ya krimu ya kunyolea ya Colgate-Palmolive, Mahakama ya Juu iliamua 1965. Tangazo la televisheni lilionyesha krimu ikilainisha msasa hadi unanyoleka. Haukuwa msasa, kilikuwa kioo cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Campbell nao miaka ya mwisho ya 1960 waliingia matatani kwa gololi za kioo zilizotumbukizwa kwenye bakuli ili mboga za supu zipande juu zionekane nyingi. Glisirini kwenye chupa inaonyesha ubaridi, na kinywaji kweli hunywewa baridi. Gololi zinadai supu ina kitu ambacho haina. Chapa ya kubuni haikudai mtu pesa, ila mkono unazoea.

#23 Mchora_Lebo

Kuna jambo dogo la saa nilitaka kulisema. Anayebuni chapa ya saa za mkononi aangalie mishale. Karibu matangazo yote ya saa yanasimama 10:10, mishale inafunguka juu kama mikono ya mtu anayekukaribisha, na jina lililo chini ya 12 halifunikwi. Apple nao iPhone ya 2007 ilionyesha 9:42, baadaye wakahamia 9:41 na wamebaki hapo. Niliona humu chapa ya saa ya kubuni, picha sita, kila moja ina saa yake. Moja mshale umelala juu ya jina lenyewe!

#24 Kivuli_Laini

Hahaha, hiyo saa ilikuwa na kwikwi.

Ila mimi ningethubutu kuikataa 10:10. Kama mnunuzi wa saa yako ni mtu wa zamu ya usiku, isimamishe saa moja kasoro, anapotoka kazini, na ishikilie hiyo kwenye kila picha. Hapo jina lisogezwe kwenye uso wa saa, maana saa ni yako, umeibuni wewe. Hiyo ndiyo raha ya chapa isiyokuwepo: bidhaa yenyewe bado inasikiliza.

La mwisho kwangu leo. Mliouliza faragha jinsi ya kumpata "mteja": tafuta mtu asiyepiga picha. Mpe ule ukurasa wa mwenye kiwanda na karatasi ya makatazo, mpe haki ya kukataa mara mbili, na sharti moja, atoe sababu. "Siipendi" sio sababu. Mimi nilimpa dada yangu. Picha ya kwanza ya Umande, ambayo nilikuwa nimeshaipenda, aliitazama akasema, "Sabuni imekaa kama imekufa." Nikabisha nusu saa. Kisha nikaenda kuilowesha, nikaacha tone moja linaning'inia ukingoni mwa kigae. Ndiyo iliyobaki.

#25 MamaLenzi

Nimerudi. Kadi nyeusi zimefanya kazi, kingo zimechorwa kama ulivyosema, na mimi sionekani tena kwenye chupa, namshukuru Mungu. Kadi ya nyuma nimeikata mara nne. Sasa kuna jingine: lebo niliyobandika imeinuka kona ya chini kulia, kidogo sana, na inashika mwanga. Niigundishe upya au niisafishe kwenye kompyuta?

#26 Kivuli_Laini

Mama, mnunuzi wako ana hiyo chupa muda gani?

#27 MamaLenzi

Nilimwandika ana miezi miwili nayo. Mikono yake ina mafuta kila anapoishika.

#28 Kivuli_Laini

Basi iache.

#29 Taa_Moja

Nami nimejaribu, msinicheke. Chapa ya wembe. Mteja nimemweka mke wangu. Nimempelekea picha sita, amezikataa zote sita, na kila moja ana sababu. Ya tatu anasema kivuli cha mpini kinaangukia jina, na ni kweli, sikukiona wiki nzima.

#30 Kivuli_Laini

Zote sita? Muulize kama ana nafasi, na mimi nina mafaili hapa.